Serveri ya Nane: Kurudi Nyuma Si Kurudi Jana



Leo sitaandika juu ya udongo wala mihogo, ijapo mimi ni mtu wa agronomie. Nitaandika historia ya kompyuta. Wengine watasema: "Huyu naye, anaingilia kazi ya watu wa informatique." Munivumilie kidogo. Kuna aibu moja nilipata ku terrain na timu yangu, nitaisimulia mwishoni. Nilipotafuta kujua kosa letu lilitoka wapi, nikakuta kampuni kubwa ya Marekani ilifanya kosa hilo hilo mwaka 2012. Ilipoteza zaidi ya dola milioni 460 mu dakika 45. Sisi tulipoteza wiki mbili na heshima yetu mbele ya wakulima. Hesabu ni tofauti, lakini kosa ni moja.

Kiraka kinatoka wapi

Kiraka munakijua: nguo ikitoboka, mama anakata kipande cha kitambaa, anashonea juu ya tundu. Watu wa kompyuta nao wanatumia neno hilo hilo, na mwanzoni halikuwa fumbo. Miaka ya 1940, ku Chuo Kikuu cha Harvard, kulikuwa mashine kubwa iliyoitwa Mark I. Ilisoma amri zake kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Tundu likikaa fasi ambayo haifai, mashine inatoa hesabu ya uongo. Basi watu walichukua kipande kidogo cha karatasi, wakabandika juu ya lile tundu baya. Hicho kilikuwa kiraka cha kweli kweli, cha kushika na mkono.

Baadaye amri zikahama kutoka karatasi, zikaingia mu kumbukumbu ya mashine. Mwaka 1985 Mmarekani Larry Wall akatoa programu ndogo aliyoiita patch, yaani kiraka. Badala ya kumtumia mwenzako programu nzima, unamtumia tu mistari iliyobadilika, na mashine yake inaibandika yenyewe. Programu hiyo inajua pia kufanya kinyume: inakitoa kiraka na kurudisha mistari ya zamani. Njo fikra wengi tuko nayo mpaka leo: kiraka kikileta shida, tutakitoa tu, na mambo yatarudi sawa vile yalikuwa.

Kwa mashine moja, fikra hiyo inaweza kukaa. Lakini leo kazi kubwa haifanywe na mashine moja. Inafanywa na serveri, yaani kompyuta zinazotumikia kompyuta zingine, na kampuni inaziweka nane, mia, ao maelfu ili zigawane kazi. Mteja hajui ni serveri gani inamjibu. Anaona kampuni moja tu. Kwa hiyo ukiweka kiraka, lazima kifike ku serveri zote. Na ukikitoa, lazima ujue kila serveri inarudi wapi. Hapo njo habari yetu inaanzia.

Kampuni na alama ya zamani

Knight Capital ilikuwa kampuni ya Jersey City, ng'ambo ya mto kutoka New York. Kazi yake ilikuwa kununua na kuuzisha hisa, kwa haraka ambayo mtu hawezi kufuata na macho. Haikuwa kampuni ndogo: katika miaka ya 2011 na 2012, karibu asilimia 10 ya biashara ya hisa mu masoko ya Marekani ilipita mikononi mwake.

Ndani ya kampuni mlikuwa mtambo uliopokea oda za wateja na kuzipeleka sokoni. Ulikaa ku serveri nane. Oda kubwa ikiingia, tuiite oda mama, mtambo unaikata vipande vidogo, oda watoto, na kuvituma kimoja kimoja mpaka hesabu ya mama itimie. Mteja akitaka hisa 1,000, mtambo unazitafuta kidogo kidogo, na zikifika 1,000 unasimama.

Mwaka 2012 soko la hisa la New York likatayarisha utaratibu mupya kwa wanunuzi wadogo. Ulipaswa kuanza tarehe 1 Agosti. Knight ikaandika programu mupya ili iweze kuingia siku ya kwanza. Sasa musikilize vizuri hapa, juu shida yote iko hapa. Ili oda ijulikane kuwa ni ya utaratibu mupya, ilihitaji alama. Waandishi wa programu hawakutengeneza alama mupya. Walichukua alama ya zamani iliyokuwa imelala bila kazi, wakaipa maana ingine.

Ile alama zamani iliamsha kazi iliyoitwa Power Peg. Knight ilikuwa imeacha kuitumia tangu 2003. Iliacha kuitumia, lakini haikuifuta. Mistari yake ilibaki ndani ya mtambo, sawa vile shina la muhogo wenye ugonjwa linabaki shambani baada ya mavuno. Juu tumeshaacha kulilima, tunafikiri halipo tena.

Tena kulikuwa jambo la pili. Mwaka 2005 walihamisha ile sehemu inayohesabu oda watoto, inayosema "imetosha, simama". Waliiweka fasi ingine ndani ya mtambo. Baada ya kuihamisha, hakuna aliyejaribu kama Power Peg ingali inajua kusimama. Nani angejaribu kitu ambacho hakitumiki? Basi ikabaki pale kwa miaka saba, bomba lisilo na kifungio.

Mtu mmoja, serveri nane

Kuanzia tarehe 27 Julai 2012, Knight ilianza kuweka programu mupya ku serveri, chache kila siku. Kwa namna ya kufanya, hiyo ilikuwa busara: usibadilishe zote kwa mara moja. Lakini yule fundi aliyefanya kazi hakuinakili programu ku serveri ya nane. Alisahau moja tu. Hakukuwa mtu wa pili wa kupita nyuma yake na kuhesabu, wala hakukuwa andiko lolote mu kampuni lililosema kwamba mtu wa pili lazima apite.

Hapa naomba tusimtupie jiwe huyo fundi. Nani kati yetu hajahesabu miche usiku, kesho yake akakuta mmoja umebaki ku kitalu? Mtu kusahau ni kawaida. Lakini kampuni ambayo mamilioni yote hayo yanapita ndani yake, kutegemea kumbukumbu ya mtu mmoja, hapo hatuwezi kusema ni kawaida.

Tarehe 1 Agosti ikafika. Saa mbili asubuhi, saa moja na nusu kabla soko kufunguliwa, mtambo wenyewe ulianza kutuma barua pepe ndani ya kampuni zikitaja Power Peg na hitilafu. Mpaka soko linafunguliwa zilikuwa zimefika 97. Hakuna aliyezifanyia kazi. Hazikutengenezwa kuwa kengele ya hatari, na watu hawakuzoea kuzisoma. Tunajua hali hiyo. Nani kati yetu anasoma ujumbe wote wa grupu ya promotion?

Saa tatu na nusu soko likafunguliwa. Serveri saba zikaona alama na kuelewa: "Hii ni oda ya utaratibu mupya." Ya nane ikaona alama ile ile na kuelewa: "Amusha Power Peg." Ikaanza kutuma oda watoto. Hesabu ya mama ikatimia, ikaendelea kutuma. Hakukuwa wa kuiambia imetosha.

Kurudi nyuma

Wakubwa wa Knight waliona haraka kwamba kuna kitu hakiendi. Sasa mujiweke mu nafasi yao. Soko liko wazi, pesa inatoka, hamujui ni nini. Kitu gani kimebadilika tangu jana? Ile programu mupya. Basi itoeni. Rudisheni ya zamani, ile tuliyofanya nayo kazi miaka yote. Mutu yeyote angefikiri vile, hata mimi.

Wakaitoa. Waliitoa ku zile serveri saba, zile zilizokuwa zinafanya kazi vizuri.

Na oda za wateja zilikuwa bado zinaingia, bado na alama yao. Walirudisha programu, lakini hawakurudisha alama. Basi serveri saba nazo, zikiwa sasa na programu ya zamani, zikaona alama na kufanya yale ya nane ilikuwa inafanya. Mgonjwa alikuwa mmoja, dawa ikawafanya wagonjwa kuwa nane.

Oda mama zilizoingia mu ile shida zilikuwa 212 tu. Kutoka hizo 212, mtambo ulituma mamilioni ya oda watoto. Soko likakubali biashara milioni 4, za kampuni 154, jumla hisa zaidi ya milioni 397. Walipofaulu kuzima, dakika 45 zilikuwa zimepita. Knight ilijikuta na hisa za karibu dola bilioni 3.5 ambazo haikutaka kununua, na upande wa pili imeuzisha za karibu dola bilioni 3.15 ambazo haikuwa nazo. Kujitoa humo kuligharimu zaidi ya dola milioni 460. Munaweza kugawanya wenyewe: zaidi ya dola milioni 10 kila dakika.

Mu siku mbili hisa ya Knight yenyewe ilipoteza karibu robo tatu ya bei yake. Kundi la wawekezaji likaleta dola milioni 400 ili isife wiki hiyo hiyo, nao wakachukua sehemu kubwa ya kampuni. Mwaka 2013 ikaunganishwa na kampuni ingine, Getco. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, SEC, yaani ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, ikaitoza faini ya dola milioni 12. Andiko la ofisi hiyo halikusema sana juu ya fundi. Lilisema juu ya mambo ambayo hayakuwepo: hakuna kuhakikisha mara ya pili, hakuna kizuizi mwishoni mwa njia kabla oda kufika sokoni, hakuna maagizo yaliyoandikwa ya kufuata siku ya shida.

Pale kiraka kinatoka lakini mashine haiamki

Mutaniambia: hiyo ilikuwa 2012, watu wamejifunza. Wamejifunza, ndiyo. Lakini musikie ya pili, ambayo wengi wenu munaikumbuka.

Siku ya Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya Marekani inayoitwa CrowdStrike, inayolinda kompyuta dhidi ya wezi, ilituma faili moja ndogo ku mashine za Windows za wateja wake. Ilikuwa saa kumi usiku na dakika 9 kwa saa ya Greenwich. Programu iliyokuwa ku mashine ilitoa vitu 20. Faili mupya ilitaka kusoma cha 21. Mashine ikachungulia fasi isiyo yake mu kumbukumbu, ikaanguka. Ikajiwasha, ikasoma faili ile ile, ikaanguka tena.

CrowdStrike iliondoa ile faili baada ya dakika 78. Tofauti na Knight, walijua mara moja kitu cha kutoa, na walikitoa vizuri. Lakini mashine milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft, zilikuwa zimeshaipokea. Na mashine isiyoamka haiwezi kupokea habari kwamba kiraka kimetolewa. Ilibidi watu waende mashine kwa mashine, wafute faili na mkono. Delta, kampuni ya ndege ya Marekani, ilifuta safari karibu 7,000 mu siku chache. Hospitali, benki, televisheni, kila fasi watu walikuwa wanatazama kioo cha bluu.

Faili ilitumwa kwa wote kwa mara moja. Baada ya hapo kampuni ikabadilisha namna: kwanza mashine chache, mungoje, muangalie, kisha zingine. Ninyi watu wa agronomie munacheka, juu hiyo kwetu inaitwa parcelle ya majaribio. Hakuna anayepanda aina mupya ya maharagwe mu groupement nzima bila kuijaribu kwanza fasi ndogo.

Basi tuache viraka?

Kuna wale watasoma hapa na kusema: afadhali kutogusa kitu kinachofanya kazi. Hapana. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja kubwa mu Windows. Wengi hawakukiweka. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, kirusi WannaCry kikaingia kupitia tundu hilo hilo, kikafunga kompyuta zaidi ya 200,000 mu nchi karibu 150. Hospitali za serikali ya Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Kutoweka kiraka nako ni uamuzi, na kuna watu wanalipia.

Kwa hiyo swali si kuweka ao kutoweka. Swali ni hili: je, tumefika ku mashine zote, na tukitaka kurudi, tunarudi wapi?

Sasa ile aibu yangu

Tulikuwa vijana sita, kila mtu na simu yake ya kazi, tunauliza wakulima maswali juu ya mbegu. Jina la mradi sitalitaja. Ku fomu ya kwanza, jibu namba 4 lilimaanisha "hakupanda musimu huu". Siku chache kabla ya kuanza, wakaleta fomu mupya, na namba 4 ikawa "alipanda mbegu bora". Walitumia namba ya zamani, kama Knight. Simu tano zikapokea fomu mupya. Ya sita ilikuwa haina réseau ile asubuhi, na hakuna aliyehesabu.

Siku ya nne, chef akaona hesabu hazikubaliane. Akasema: "Rudisheni simu zote ku fomu ya zamani, tusipoteze wakati." Tukatii, na mimi wa kwanza. Lakini sisi wenyewe vichwani tulikuwa tumeshazoea namba mupya, na karatasi tulizobeba mkononi zilikuwa za fomu mupya. Jioni hiyo hakuna mtu aliyeweza kusema 4 ya nani inamaanisha nini. Mama aliyekosa hata kilo moja ya kupanda alionekana sawa na mama aliyepata mbegu bora. Na orodha ya wale watasaidiwa ilipaswa kutoka mu hesabu hizo.

Tukarudi nyumba kwa nyumba, wiki mbili. Mama mmoja aliniuliza, bila hasira: "Mutoto wangu, munarudi tena na maswali yale yale? Mimi nilikujibu. Ile jibu yangu uliipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Ningemwambia nini, kwamba tulikuwa simu sita na moja haikuwa na réseau?

Ndiyo maana nimeandika haya. Wengi wetu hatutaajiriwa ku soko la hisa. Lakini karibu sote, tukipata kazi, tutapewa simu, tablette, orodha, dawa, mbegu, vya kubadilisha fasi nyingi kwa mara moja. Mambo matatu nimeyaweka mu daftari yangu, nami nawapa.

Kwanza, hesabu mpaka ya mwisho, na mwenzako ahesabu nyuma yako. "Karibu zote" si zote. Saba kati ya nane ndiyo iliangusha Knight.

Pili, namba ao alama ya zamani usiipe maana mupya. Namba hazina bei, chukua ingine. Na kile umeacha kutumia, kitoe kabisa.

Tatu, kabla ya kwenda mbele, andika njia ya kurudi, uijaribu. Na siku ya shida, kabla ya kurudisha, jiulize: nini kingine kimebadilika ambacho mimi sirudishi? Knight walirudisha programu, alama zikabaki. Sisi tulirudisha fomu, vichwa vyetu vikabaki mbele. Wakati mwingine kusimama kabisa, kuzima na kuangalia, kunagharimu kidogo kuliko kurudi bila kujua.

Tangu siku ile, kabla timu kutoka asubuhi, tunaweka simu zote sita juu ya meza moja, na tunasoma namba ya fomu kwa sauti. Inachukua dakika tatu. Watoto wanapita wanatucheka. Tunawaacha wacheke.